Shajara ya mradi: mboji, maji na kina cha mitaro katika vinyungu vya Mufindi

Juni

Vinyungu ni mashamba ya mabondeni yanayolimwa wakati wa kiangazi katika nyanda za juu za Iringa na Njombe. Mvua zinapokoma, mkulima hushuka bondeni, hufyeka majani na kuyalaza kwa safu, kisha huchimba mitaro pande zote mbili na kuyafunika majani hayo kwa udongo mweusi alioupata humo, hadi lipatikane tuta pana lililoinuka juu ya maji. Mahindi ya kuchoma, maharage, njegere, viazi na mboga hustawi hapo wakati mashamba ya mlimani yamekauka kabisa. Kwa kaya nyingi kinyungu ndicho kinacholipa ada za watoto na kuvusha nyumba katika miezi ambayo ghala limebaki tupu.

Mradi wetu unachunguza kinachoyapata mabaki ya mimea ndani ya udongo huo pale maji yanaposhushwa kwa mitaro na baadaye kuachwa yarudi. Bonde tulilolichagua liko Mufindi, na maji yake yanaelekea Mto Ruaha Mdogo, unaopita Iringa mjini kabla ya kujiunga na Ruaha Mkuu. Tulilipenda kwa sababu ndani yake mna ardhi za aina tatu zinazopakana: kipande chenye matete na ndago ambacho wazee wanasema hakijawahi kulimwa, vinyungu vya zamani vyenye mitaro inayofika magotini, na, upande wa chini, mashamba ya mboga yanayolimwa mwaka mzima, yenye mitaro inayofika kiunoni. Mwamba wa chini ni uleule na mvua ni ileile, hivyo tofauti kubwa kati ya vipande hivi ni jinsi binadamu alivyoyaelekeza maji.

Tofauti ya udongo wa mlimani na wa bondeni inaonekana hata ukiwa barabarani. Mlimani ni mwekundu, wenye tindikali, umejaa kaolini pamoja na oksidi za chuma na aluminiamu, na uwezo wake wa kushika virutubisho ni mdogo: kaolini hubeba chini ya sentimoli 15 za chaji kwa kilo, ilhali mboji iliyokomaa hubeba zaidi ya 200. Bondeni udongo ni mweusi na mwepesi, na rutuba yake karibu yote imo katika mboji hiyo. Mboji ikipotea, kitakachobaki bondeni ni udongo dhaifu kama ule wa mlimani, tena wenye maji mengi.

Suala hili halijaanza leo. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu 1993, na lawama nyingi zimewaangukia wanaolima mabondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya maji, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Naiheshimu sheria hiyo na sababu zilizoizaa. Hata hivyo, mita 60 hupimwa kwa mlalo, na hazisemi lolote kuhusu kina cha mtaro. Kwa mtazamo wa kemia ya udongo, kina hicho ndicho kinachoamua kama mboji itabaki au itageuka hewa, na ndicho tulichoamua kukipima.

Julai

Asubuhi za mwezi huu sakitu imekuwa ikitanda juu ya majani ya viazi, na kazi ya kuchimba haianzi hadi jua lipande. Tumechimba mashimo katika vipande vyote vitatu na kuchukua sampuli kwa kekee ya udongo hadi chini ya usawa wa maji.

Katika kipande cha matete, tabaka la juu ni mabaki ya mizizi ambayo bado unaweza kuyatambua kwa jicho. Tunatumia kipimo kilichobuniwa na Msweden Lennart von Post miaka ya 1920: unachukua donge la udongo wa mboji, unalikamua ndani ya kiganja, na unaangalia kinachotoka kati ya vidole. Maji yakitoka safi, mimea haijaoza na daraja ni la kwanza. Donge zima likipenya kati ya vidole kama uji, limefika daraja la 10. Karibu na uso wa kipande hiki maji hutoka ya kahawia na nyuzinyuzi hubaki mkononi. Kwenye vinyungu vya zamani, kina kilekile hutoa tope jeusi, na sehemu kubwa ya donge hupenya. Kwenye mashamba ya mboga, yenye mitaro mirefu ya kufika kiunoni, kipimo hiki hakifai kwa tabaka la juu, kwa kuwa udongo umekauka kiasi kwamba haukamuliki.

Jaribio la pili hugundua chuma. Tunagusisha karatasi yenye dipiridili kwenye donge lililotoka kuvunjwa, na chuma kilichopoteza oksijeni, yaani chuma cha chaji mbili, huibadilisha kuwa na rangi ya waridi kali. Kwenye matete karatasi ilibadilika mara moja, karibu na uso. Kwenye vinyungu vya zamani haikubadilika katikati ya tuta, ila ilibadilika tulipofika kwenye usawa wa chini ya mtaro. Kwenye mashamba ya mboga tulilazimika kushuka sana kabla ya kuona rangi yoyote. Mpaka huo wa rangi ndio utakaotuongoza, kwa sababu unaonyesha hewa inakoishia.

Ndani ya mitaro ya zamani kuna utando unaometameta juu ya maji, na vijana waliotusaidia kuchimba walidhani ni mafuta ya pikipiki. Ukiugusa kwa kijiti, unavunjika vipande vyenye kingo kali na haviungani tena. Mafuta yangejikusanya upya. Utando huo ni chuma kilichosafiri na maji kutoka kwenye tope lisilo na hewa, kikakutana na oksijeni usoni na kuganda, mara nyingi kwa msaada wa bakteria. Kutu ya rangi ya chungwa iliyo kando ya mtaro imetokana na chuma hichohicho.

Agosti

Tumesimika elektrodi za platinamu katika vina vitatu kwa kila kipande, na mwezi huu umekwenda kwa kuzisoma na kusubiri zitulie. Ni vyema nieleze zinapima nini, kwa kuwa hoja yote ya mradi imesimama hapo.

Oksijeni husambaa ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyosambaa hewani. Udongo uliojaa maji humaliza oksijeni yake haraka, na viumbe wanaokula mabaki ya mimea hulazimika kutafuta kitu kingine cha kupokea elektroni. Huanza na nitrati, wakafuatia na manganizi, kisha chuma, kisha salfeti, na mwisho kabisa kaboni dioksidi, ambayo huigeuza kuwa methani. Kila hatua huwapa nishati ndogo kuliko iliyotangulia. Elektrodi husoma mteremko huo kwa milivolti: kwenye pH 7 oksijeni huwa imekwisha takriban +330, chuma huanza kuyeyuka karibu na +100, na methani huzalishwa chini ya −200. Hatua nyingi kati ya hizi humeza tindikali, na ndiyo maana udongo wenye tindikali ukifurika pH yake hupanda kuelekea 6.5 au 7 bila mtu kuweka chokaa.

Hata hivyo, upungufu wa nishati peke yake hautoshi kueleza kwa nini mboji hudumu mamia ya miaka bondeni. Mwaka 2001 Freeman, Ostle na Kang walionyesha kwamba ufunguo ni kimeng'enya kimoja, fenoli oksidesi, ambacho hakifanyi kazi bila oksijeni. Kikilala, fenoli zitokanazo na lignini, kile kinachoipa mimea ugumu wake, hujikusanya kwenye maji ya udongo na kuvizuia vimeng'enya vingine, vikiwamo vile vinavyovunja selulosi na ambavyo havihitaji oksijeni hata kidogo. Maana yake ni kwamba hewa kidogo ikiingia, kizuizi cha kwanza kinapoondoka, vingine vyote hulegea, na uozo unaweza kuendelea hata baada ya maji kurudi.

Kwa upande mwingine kuna chuma. Hewa inapoingia, chuma kilichoyeyuka hugeuka oksidi changa zenye eneo kubwa la uso, na oksidi hizo hukamata molekuli za mboji, zikiwamo fenoli zilezile, na kuzifungia mahali ambapo vimeng'enya havifiki. Utafiti uliochapishwa 2012 kuhusu mashapo ya chini ya bahari ulikuta takriban sehemu moja kati ya tano ya kaboni imefungamana na chuma kwa namna hii. Kwa hiyo kushusha maji huanzisha nguvu mbili zinazopingana, moja ikifungua mboji na nyingine ikiifunga. Ipi itashinda bondeni kwetu inategemea wingi wa chuma, muda wa ukavu na kina cha mtaro.

Napenda kusisitiza kwamba mkulima aliyebuni tuta la kinyungu alilipanga jambo hili kwa usahihi mkubwa. Mtaro wa kufika goti huipa hewa sehemu ya mizizi tu, na kuiacha sehemu ya chini majini. Naitrojeni inapatikana juu, na akiba inalindwa chini.

Septemba

Sampuli zimefika maabara. Njia inayotumika zaidi nchini kupima kaboni ya udongo ni ile ya Walkley na Black ya 1934: udongo huchanganywa na dikromati ya potasiamu, huongezwa asidi kali ya salfuriki, joto la mchanganyiko huunguza mboji, na dikromati iliyobaki hupimwa kwa titresheni, yaani kwa kudondosha kemikali nyingine kidogo kidogo hadi rangi ibadilike. Kwa udongo mwekundu wa mlimani ni njia nzuri na ya gharama nafuu. Kwa udongo wa kinamasi ina mtego, kwani dikromati haibagui kama elektroni inayoipokea imetoka kwenye kaboni au kwenye chuma cha chaji mbili. Hesabu ni rahisi: kila gramu 56 za chuma hicho husomeka kama gramu 3 za kaboni. Mtu akipima tope bichi kutoka mtaroni, anaweza kuhesabu kutu ya kesho kuwa mboji ya leo. Kwa hiyo tulianika sampuli zote kivulini zikiwa zimesambazwa kwa tabaka jembamba, tukazijaribu tena kwa dipiridili, na hatukuanza titresheni hadi karatasi ilipobaki bila rangi. Kwa udongo mweusi tunapima robo gramu au pungufu, la sivyo dikromati huisha kabla ya mboji, na chupa hubadilika kuwa ya kijani kibichi ikiashiria kwamba kipimo hakifai.

Njia hiyo huunguza takriban asilimia 77 tu ya kaboni, na kwa desturi matokeo huzidishwa kwa 1.3. Desturi nyingine, ya kuzidisha kaboni kwa 1.724 ili kupata mboji, inadhani kwamba mboji yote ina asilimia 58 ya kaboni. Sioni sababu ya kuamini hivyo kwa mabaki ya matete yaliyooza nusu, na ripoti zetu zitataja kaboni peke yake. Kama ulinganisho, tunachoma pia sampuli kwenye tanuri la nyuzi 550, tukikumbuka kwamba kaolini nayo hupoteza maji yake ya ndani katika joto hilo na kuongeza hesabu isiyo ya mboji.

Kulikuwa na mjadala mrefu kati yetu juu ya kutenganisha asidi za humiki na falviki, yaani sehemu za mboji zinazoyeyuka kwenye alkali, kwa haidroksidi ya sodiamu, kazi iliyoanza na Franz Karl Achard mwaka 1786 alipoloweka mboji ya kinamasi kwenye alkali. Lehmann na Kleber waliandika 2015 kwamba vitu hivyo kwa sehemu kubwa ni zao la alkali yenyewe, na kwamba mboji ndani ya udongo ni mfululizo wa mabaki yaliyo katika hatua mbalimbali za kuvunjika. Nakubaliana nao. Tutafanya uchujaji wa alkali kwa sampuli chache, ili tuweze kulinganisha na takwimu za zamani za nyanda za juu, na nguvu zetu kuu tutazielekeza kwenye kutenganisha kwa chekeche la mikromita 53. Linalobaki juu ni mabaki ya mimea yaliyo huru. Linalopita ni mboji iliyoshikamana na mfinyanzi na chuma. Hadi sasa sampuli za mitaro mirefu zinaacha kidogo sana juu ya chekeche, wakati zile za vinyungu vya zamani bado zina nyuzi nyingi nyeusi.

Oktoba

Mahindi kwenye vinyungu yamefika kifuani. Mwezi huu tumejikita kwenye naitrojeni na fosforasi.

Majani makavu yanayofukiwa chini ya tuta yana kaboni zaidi ya mara 50 ya naitrojeni, wakati miili ya bakteria inahitaji uwiano wa karibu 8 kwa 1. Mpaka uwiano wa chakula chao ushuke hadi 25 hivi, viumbe hao huchukua naitrojeni ya udongo badala ya kuitoa, na mmea hubaki wa njano. Wakulima hapa huyaacha majani yalale chini ya udongo kwa wiki kadhaa kabla ya kupanda, na wanaochanganya mabaki ya maharage au samadi hupanda mapema zaidi. Muda huo wa kusubiri ni kemia tupu, na sikupata mkulima yeyote mkongwe aliyekuwa tayari kuupunguza.

Fosforasi inafuata njia ya chuma. Tope likiwa majini, chuma kinapoyeyuka huiachia fosfeti iliyokuwa imeikamata. Tope likikauka juu ya tuta, oksidi changa huikamata upya, tena kwa nguvu zaidi. Shambani hapa wakulima husafisha mitaro katikati ya msimu na kulirusha tope juu ya matuta, kwenye mashina ya mahindi. Zamani niliichukulia kazi hiyo kama usafi wa mtaro, lakini vipimo vya maji ya tope hilo vinaonyesha fosfeti iliyo huru, pamoja na mboji iliyokuwa imetoroka kutoka kwenye tuta. Kila rusho la jembe linarudisha vyote viwili, na mizizi huwa na muda mfupi wa kuchukua fosfeti kabla chuma hakijaikamata.

Novemba

Tulipita kwa bibi mmoja ambaye kinyungu chake kinapakana na shamba la mitaro mirefu. Baada ya kamwene na habari za nyumbani, alitupeleka mpakani.

"Mwanangu, hebu shika huu wa kwangu, kisha ushike wa jirani," alisema. "Wa jirani umekuwa kama ugoro. Ukiumwagia maji, unayakataa."

"Zamani haukuwa hivyo, bibi?"

"Ulikuwa mmoja na huu. Mtaro ndio umeukausha. Sisi mvua zikianza tunaziba mitaro kwa magugu, bonde linakunywa. Yeye hazibi, ana kabichi humo mwaka mzima."

Tulilichukulia neno lake kama dhana ya kupimwa. Kuna kipimo rahisi: unadondosha tone la maji juu ya udongo uliokauka na kuhesabu muda. Likinywewa kabla ya sekunde 5, udongo hauna ukinzani. Kwenye udongo wa bibi tone lilitoweka papo hapo. Kwenye udongo wa jirani lilikaa likiwa duara, liking'aa, na vumbi la mboji likalizunguka. Tulihesabu tukapita dakika moja, nalo bado lilikuwa limesimama. Mboji inapokauka kupita kiasi, sehemu za molekuli zenye asili ya nta hugeukia nje na kuyafukuza maji, na hali hiyo hairudi nyuma kwa urahisi. Bonde lenye uso wa namna hiyo haliwezi kuhifadhi mvua za kwanza. Maji hupita juu na kuondoka na vumbi jeusi kuelekea mtoni. Hapa ndipo suala la mboji linapokutana na suala la Ruaha.

Maabara nayo imeanza jaribio la chupa. Udongo wa kila kipande umewekwa katika hali tatu: umejaa maji, una unyevu wa wastani, na unabadilishwa kati ya hali hizo mbili. Ndani ya kila chupa iliyofungwa kuna kikombe cha haidroksidi ya sodiamu kinachonasa kaboni dioksidi, ambayo hupimwa kwa titresheni. Dalili za mwanzo ni kwamba udongo wa matete uliopewa hewa unapumua kwa kasi kubwa kuliko mwingine wowote, jambo linaloafikiana na hoja ya fenoli. Udongo wa mitaro mirefu unapumua kidogo, na lingekuwa kosa kuusifu kwa hilo: kilichokuwa chepesi kuliwa kimeshaliwa.

Desemba

Mvua zimeanza na vinyungu vimevunwa, isipokuwa mahindi machache. Mitaro ya zamani imezibwa kama bibi alivyosema, na elektrodi za kina cha kati zimeanza kushuka. Nitrati iliyoundwa kiangazi ndani ya matuta sasa iko hatarini, kwa kuwa maji yakipanda, bakteria huitumia badala ya oksijeni na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, na kiasi fulani kuwa naitrasi oksidi, ambayo ni gesi joto yenye nguvu. Tumechukua sampuli za nitrati kabla na baada ya mafuriko ya kwanza, na matuta ambayo bado yalikuwa na mahindi yamesimama yalikuwa na nitrati pungufu kuliko matuta matupu. Pendekezo la kupanda zao la mwisho la muda mfupi, litakaloinyonya nitrati kabla maji hayajafika, limeingizwa kwenye mpango wa msimu ujao.

Mwenye shamba la mitaro mirefu amekubali tuzibe mitaro miwili kwa mifuko ya mchanga hadi kina cha goti, kwa sharti kwamba kabichi zake zisife. Sampuli za Februari zitachukuliwa kwenye mitaro hiyo miwili na kwenye miwili iliyoachwa wazi kando yake: kaboni kwa njia zote mbili, mgawanyo wa chekeche, chuma cha chaji mbili, fenoli kwenye maji ya udongo, na muda wa tone. Elektrodi zitabaki ardhini, na kijana wa kijijini aliyefundishwa kuzisoma ataendelea na kazi hiyo kila wiki.